Njahi ya Nthambi

Nthambi alipohamia ploti yetu alikuwa ameolewa miezi miwili tu, na kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni vidole. Vilikuwa vyeusi hadi kwenye kucha. Nikamwambia Nasambu wa nyumba ya kona, kwa sauti ambayo haikujali mlango wa nani uko wazi, kwamba Mativo amejiletea mke asiyejua sabuni.

Ilikuwa kiwi ya viatu. Mativo huchonga twiga na vifaru vya mbao, na Nthambi ndiye huvipiga msasa, akavipaka kiwi na kuvisugua kwa kitambaa mpaka ving'ae. Twiga mmoja humchukua asubuhi nzima. Hukaa mlangoni kwake juu ya kigoda, leso imejaa unga wa mbao, na kila baada ya muda hufumba macho akapitisha kidole gumba kwenye shingo ya twiga, polepole, akitafuta mahali palipobaki pakikwaruza. Akipapata hurudia. Sijawahi kumsikia akilalamika kwamba kazi imerudi. Ukimsalimu huinua kichwa, anakuitikia vizuri, kisha anainama tena. Ploti yetu iko nyuma ya Jogoo Road, upande wa Makadara, nyumba kumi na mbili na mfereji mmoja wa maji, na katika nyumba hizo zote hakuna mtu aliyesema machache kuliko yeye.

Mimi ni mtu wa kusema. Nilisoma hadi darasa la sita, na tangu nije Nairobi nimekula kwa mdomo. Nauza nguo za mtumba za watoto wachanga, kando ya barabara pale Shauri Moyo, karibu na Gikomba. Mwanamke mjamzito akipita simwambii karibu. Namwambia, "Mama, hilo tumbo limeshuka, hufiki Jumapili." Au, "Pua imevimba hivyo, huyo ni msichana, chukua hii ya waridi." Wengi hucheka, na anayecheka husimama, na anayesimama hununua. Wasiocheka nilisema wana maringo. Siku moja nilimuuliza mwanamke atajifungua lini, akanijibu kwamba alijifungua wiki tatu zilizopita na mtoto alibaki hospitalini, hakutoka. Nilifunga nguo zangu mapema siku hiyo. Kesho yake nilirudi na mdomo uleule.

Nthambi alipopata mtoto wa kwanza, miaka mitatu iliyopita, alikaa na uchungu siku mbili, kisha akapasuliwa. Mtoto alikuwa mvulana. Akaitwa Mutie, jina la babu yake, baba wa Mativo. Aliporudi nyumbani tulingoja wiki moja, halafu wanawake wa ploti tukaenda kumwona mtoto kama ilivyo desturi, kila mmoja na alichojaliwa, huyu unga wa uji, huyu sabuni, huyu sukari. Kwetu sisi watu wa Murang'a mama aliyejifungua lazima ale njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe, yakapondwa na ndizi mbivu. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa pale, sufuria ya njahi huwa ni yangu, na kumpakulia mzazi ni kazi yangu.

Nikajaza kijiko, nikakiinua juu ya sahani ya Nthambi, nikakisimamisha pale.

"Hii ni ya kurudisha nguvu kwa waliosukuma," nikasema. "Wewe mtoto wako hakupita mlangoni. Huyu alitolewa dirishani. Sijui kama nikupe."

Nyumba nzima ilicheka. Nasambu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nthambi naye alicheka, mkono mmoja ameubana tumboni kwa sababu nyuzi zilikuwa zinamuuma. Kisha nikampakulia. Alikula vijiko vitatu, akasema ameshiba.

Maneno yale ya dirisha sikuyatunga mimi. Nitasema niliyatoa wapi, lakini niache kwanza.

Watoto wa ploti husikia kila kitu. Kabla Mutie hajajua kutambaa walikuwa wameshaanza kumwita Dirisha. Alipoanza kutembea, Dirisha ndilo lilikuwa jina lake kuanzia mferejini hadi getini. Dirisha, leta mpira. Dirisha, unaitwa uji. Mimi pia nilimwita hivyo, na kila nikimwita niliona fahari kidogo, kama mtu aliyetunga wimbo ukashika. Ni mamake na babake tu waliomwita Mutie, ndani ya nyumba. Nthambi hakuwahi kuniambia niache. Nilidhani limempendeza.

Mwaka huu akashika mimba tena. Macho yangu yamezoea kazi hiyo, nilijua kabla hajamwambia mtu. Nikaitangaza mferejini, mbele ya wote, na nikaongeza la kwangu, kwamba safari hii asilale kama mgonjwa, asukume kama wenzake. Alikuwa anakamua suruali ya Mativo. Aliendelea kuikamua ingawa maji yalikuwa yamekwisha.

Kliniki walimwambia mapema kwamba atapasuliwa tena, kwa sababu nyonga zake ni ndogo na kidonda cha kwanza kinaweza kufunguka akisukuma. Wakampa tarehe, siku ya Jumanne. Ploti nzima tuliijua tarehe hiyo.

Alhamisi kabla ya Jumanne hiyo alikuja kwenye biashara yangu Shauri Moyo, jambo ambalo si kawaida yake. Akaomba shuka mbili kuukuu. Akasema hata zikiwa na madoa si kitu. Nilipoinama kuzitafuta niliona ndani ya kikapu chake. Kulikuwa na karatasi kubwa ya nailoni iliyokunjwa, uzi mweupe na wembe mpya ndani ya kijikaratasi chake.

Wanaokwenda kujifungulia hospitalini huja na orodha waliyopewa kliniki. Nimesoma orodha hizo mamia. Pamba, vesti, blanketi, kofia. Uzi haumo. Wembe na nailoni nimeviona kwenye vikapu vya wanawake wa aina moja tu.

"Nthambi," nikasema, "tarehe yako si Jumanne?"

"Ni Jumanne."

"Na hivi?"

Akavuta leso akafunika kikapu. Kisha, kwa sababu si mtu wa kusema uongo, akanieleza. Kuna nyanya mmoja hapo nyuma, mkunga wa zamani, alimshika tumbo akamwambia mtoto amekaa vizuri. Jumapili atakwenda kwake na kungoja uchungu huko. Mativo ana oda kubwa, hana habari, ataitwa mtoto akishalia.

Nikamwambia daktari alishasema.

"Daktari hajawahi kuja kula njahi kwangu," akajibu. Halafu akanitazama usoni. "Safari hii nitaila kama watu, Mama Kui. Na huyu ataitwa jina lake."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtoto anayemwambia mwalimu kwamba hesabu alizopewa amezimaliza zote. Mikono yangu ilikuwa imeshaanza kukunja zile shuka, ikazikunja mpaka mwisho, ikampa. Akaenda.

Sikuuza kitu tena siku hiyo. Nilikaa juu ya kiti changu na kila mwanamke mwenye tumbo aliyepita nilitazama chini.

Ijumaa nilikwenda mlangoni kwake. Alikuwa anapaka kifaru kiwi. Nilimwambia kwamba yale ya njahi yalikuwa utani. Akasema anajua yalikuwa utani. Nikamwambia wako waliokufa kwa kufanya hivyo anavyotaka kufanya. Akapitisha kidole mgongoni mwa kifaru, akachukua msasa tena.

"Wewe mwenyewe ulimzaa Kui shambani," akasema. "Umetusimulia mara ngapi? Ulikuwa unachuma kahawa, na mkunga alipofika akakuta umeshafunga kitovu."

Nilikuwa nimewasimulia mara nyingi. Kila kulipokuwa na mtoto wa kuonwa nilisimulia, na kila mara shamba lilikuwa kubwa zaidi na mkunga amechelewa zaidi. Jibu lolote lingeanza na kusema kwamba mimi ni mwongo. Nikamuaga, nikarudi kwangu.

Nilifikiria kumwambia Mativo. Lakini Mativo angefoka, na Nthambi angenyamaza kama kawaida yake, kisha angekwenda kwa yule nyanya siku moja mapema. Tena, niseme ukweli, kumwambia Mativo kungeniacha mimi nilipo, nimefunikwa vizuri.

Jumamosi ni siku ya kufua. Mferejini tulikuwa wanawake saba, Nasambu akiwa ndiye anasimulia, Nthambi ameketi juu ya jerikeni pembeni na beseni lake miguuni kwa sababu hakuweza kuinama. Nilikwenda na karai tupu. Nililiweka chini nikasema kwamba ile hadithi ya shamba la kahawa ni uongo.

Nasambu akacheka. "Mama Kui leo umeamka na vituko gani?"

Nikafungua leso, nikashusha sketi kidogo na kuinua blauzi. Nina miaka hamsini na mbili. Hakuna mtu aliyeona tumbo langu tangu mume wangu afariki, na hata yeye nilikuwa namgeuzia mgongo. Kovu langu ni la zamani, si lile dogo la siku hizi linalojificha chini. Limeanzia kitovuni likashuka moja kwa moja, nene, limekunjamana kama mshono wa gunia. Nilihisi upepo juu yake na nikatamani kufunika, sikufunika.

Nikawaeleza. Kui hakuzaliwa shambani. Nilipasuliwa ili atoke, na kwetu msichana wa kwanza ni mama mkwe, huchukua jina lake, na watu humhesabu kuwa ndiye yeye amezaliwa tena. Kwa hiyo mama mkwe alipoambiwa, hakuja kuniona. Alituma neno kupitia kwa shemeji yangu, na shemeji akalisema mbele ya majirani wote, wakacheka. Neno lilikuwa hili: "Mniambie basi, mimi nilitolewa dirishani kama mali ya wizi." Njahi haikupikwa. Nilikunywa uji wa jana.

Nasambu alikuwa ameacha kucheka. Jerikeni chini ya mfereji lilijaa, maji yakaanza kumwagika, na hakuna aliyeufunga mfereji.

Kulikuwa na sehemu ya pili na ndiyo niliyokuja kuisema. Nilipopata mimba nyingine niliapa kwamba huyo atapita mlangoni. Daktari alinikataza. Mama mkwe alileta mkunga, nami nikafurahi kuletewa. Nilisukuma tangu asubuhi hadi jua lilipokuwa utosini, kisha nikahisi kitu kinaachana ndani yangu, na uchungu ukanyamaza ghafla. Nilidhani ni nafuu. Walinibeba kwenye pikapu ya maziwa hadi hospitalini. Mtoto alikuwa mvulana. Angeitwa Wachira. Pamoja naye walitoa kizazi, na ndiyo sababu nina Kui peke yake, si kwamba Mungu aliona mmoja ananitosha kama nilivyozoea kuwaambia.

Nilipomaliza niliteremsha blauzi. Nilikuwa nimesema nikiwatazama wengine wote isipokuwa yeye. Sasa nikamgeukia.

Nthambi hakuwa analia. Alikuwa amefumba macho kidogo, vile hufanya anapotafuta mahali pabaya kwenye mti. Akayafungua.

"Siku ile ya njahi," akasema, "haya yote ulikuwa unayajua?"

Nilitaka kusema kwamba nilikuwa nimejisahaulisha, kwamba mtu akirusha neno kwanza hakuna anayemtazama tumbo. Yote hayo ni kweli. Lakini hakuniuliza hayo.

"Nilikuwa nayajua."

Akaweka mkono ukutani, akajiinua, akachukua beseni la nguo likiwa bado na sabuni, akaingia kwake na kufunga mlango. Wanawake wengine walirudi kufua. Nasambu alinifungia leso iliyokuwa imelegea nyuma, kama unavyomfungia mtoto, naye hakuniangalia.

Jumapili sikwenda kanisani. Niliweka kiti mlangoni nikakaa tangu asubuhi, nikitazama mlango wa Nthambi. Sikujua nitafanya nini akitoka. Kumshika mkono? Kupiga kelele? Nilijua tu kwamba nikimwona anatoka na kikapu nitamfuata hadi kwa yule nyanya nikafunue tumbo huko pia.

Ilipofika saa nne akatoka. Kikapu kilikuwa mkononi. Nikasimama. Hakuelekea getini. Alivuka ua polepole, ameshika kiuno, akaja hadi nilipokuwa. Akatoa zile shuka mbili, zimekunjwa vilevile nilivyozikunja, akaziweka juu ya kiti nilichoinuka. Akarudi kwake. Nilikaa chini juu ya sakafu ya saruji.

Jumanne asubuhi Mativo alibeba begi, Nthambi akamfuata nyuma na karatasi ya kliniki, na saa nane mchana tulipata habari kwamba ni msichana na wote wawili wazima. Sista alimwambia Mativo kwamba kidonda cha zamani kilikuwa kimekuwa chembamba kama karatasi. Mativo alinisimulia hilo getini akiwa na furaha, asijue kwa nini nimeshika ukuta.

Nthambi alipomaliza wiki nyumbani, siku ya kumwona mtoto ikafika. Nilimwambia Nasambu apike yeye njahi, au Mama Ndete, au yeyote. Nasambu akasema sufuria ni ya nani? Basi nikaloweka, nikachemsha, nikaponda na ndizi, nikaonja chumvi.

Nyumba ilijaa kama ile siku nyingine. Watu walewale, viti vilevile, mtoto mchanga ndani ya blanketi la njano. Watu waliongea kwa uangalifu, kama walioingia nyumba ya msiba. Hakuna aliyesema mtoto anafanana na nani. Nikajaza sahani ya Nthambi mpaka ikawa mlima, nikampelekea kwa mikono miwili. Hakuipokea.

"Kabla sijala," akasema, "niitie mtoto wangu."

Kila mtu alisikia na kila mtu alielewa. Nikaweka sahani juu ya meza nikatoka hadi mlangoni. Watoto walikuwa karibu na mfereji wakicheza na vifuniko vya soda, yeye amechuchumaa katikati, mgongo kwangu.

"Mutie," nikaita.

Hakugeuka. Nikaita tena kwa sauti zaidi. Alikuwa anapanga vifuniko mstari, anavisukuma kwa kidole. Nikaita mara ya tatu. Jina lake analijua, kwao huitwa hivyo kila siku. Ni sauti yangu ambayo hajawahi kuisikia ikilisema.

Tiffany, msichana wa Nasambu, ndiye aliyeinua kichwa. Akamgusa begani.

"Dirisha, unaitwa na Mama Kui."

Hapo akageuka, akaniona, akaja mbio akitabasamu. Akanipita mlangoni akaenda kusimama kati ya magoti ya mamake. Mimi nilibaki kizingitini. Sikuweza kuingia na sikuweza kuondoka, nikawa nimewapa watu mgongo nusu, kama mdeni.

Nthambi alimfuta mtoto vumbi mikononi kwa leso, kidole baada ya kidole. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mezani.

"Kesho pia utamwita," akaniambia. "Lete sahani."

Nikaingia nikampa. Alikula yote, polepole, kijiko kwake na kijiko kwa Mutie, nasi sote tukimngoja amalize.